Mwalimu wa Mji Mmoja

Sisi wa mtaa wa Yeoville tulimshuku Mwalimu kabla hajatukosea lolote. Alifundisha kanisani lakini hakuwa muumini wa kanisa hilo wala la jirani. Hakuwa na duka, hakuwa na kazi tuliyoijua, na hakula kwa mtu. Ukimkaribisha chai, alitoa kikombe chake cha bati kwenye mfuko wa koti, akakifuta kwa kitambaa, akakupa umimine, kisha akanywa amesimama huku macho yakiwa mlangoni. Picha hakukubali kupigwa. Siku moja ya ubatizo watu walipoinua simu, yeye aliinama akawa anafunga kamba za viatu, na hakuinuka mpaka simu zikarudi mifukoni.

Kilichotusumbua zaidi ni Kiswahili chake. Hapa Johannesburg mtu akifungua mdomo unajua katoka wapi kabla hajamaliza salamu. Sisi wa Bukavu tunajulikana, wa Lubumbashi wanajulikana, Mrundi anajulikana, na Mkenya anayefanya kazi benki anajulikana hata akikohoa. Mwalimu alizungumza kama msoma habari wa redio. Wakongo walisema ni Mrundi. Warundi walisema ni Mtanzania. Mtanzania mmoja anayetengeneza viatu karibu na soko alimsikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akasema huyo ni Mkongo aliyesoma sana. Nilipomuuliza mwenyewe anatoka wapi, alinijibu, "Natoka darasani, Mama," akaenda zake.

Mama Chantal, ambaye anashona nguo chumba cha pili kutoka saluni yangu, alikuwa ameshakata shauri.

"Ule muzee ni espion," aliniambia. "Mutu hana inchi, hana bibi, hana kanisa. Sasa anatafuta nini kwetu? Minakuambia, anatuchunguza."

Sikumbishia. Mtu aliyekimbia vita mara moja hujifunza kuwaangalia watu wanaouliza maswali.

Na Mwalimu aliuliza maswali. Ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Kila Jumamosi mchana alifundisha kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa, katika jengo ambalo zamani lilikuwa sinagogi la Wayahudi, na nyota za wenyewe bado zimo kwenye vioo vya juu. Waliokuja kumsikiliza ni watu waliokuwa wakisubiri kupelekwa Marekani kama wakimbizi. Wengine walikuwa wameshahojiwa, wengine walikuwa hawajaitwa bado, wengine walikuwa wamesubiri mpaka watoto wao wameota ndevu. Mimi na mume wangu tulikuwa miongoni mwao. Tulikwenda tukitaka kusikia habari za mishahara, shule, na namna ya kuishi kwenye theluji. Mwalimu alitufundisha mji mmoja tu, mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, mji ambao si mkubwa wala mdogo, na ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameambiwa kwamba atapelekwa huko.

"Na wakinipeleka Texas?" aliuliza baba mmoja aliyekuwa amechoka.

"Ukijua namna ya kuuuliza mji mmoja, utajua kuiuliza yote."

"Mimi sitaki kuuuliza mji, Mwalimu. Nataka kukaa."

"Watu wengi walitaka kukaa Dayton," alisema Mwalimu. "Leo tutaangalia kwa nini karibu nusu yao waliondoka."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alichora mto ubaoni kwanza, siku zote mto kwanza. Alitueleza jinsi maji yalivyofurika zaidi ya miaka mia iliyopita yakaingia mjini na kuua watu, na jinsi wenyeji walivyochanga wakajenga kuta kubwa za udongo mbali huko juu ili mto usirudie tena. Alitueleza viwanda vilivyotengeneza mashine za madukani, mafriji, na vipuri vya magari. Halafu watu. Watu weusi waliokuja kutoka kusini wakikimbia kuonewa, na watu weupe maskini walioteremka kutoka milima ya Kentucky. Wote walifuata kazi ile ile, lakini hawakupewa kukaa pamoja: weusi magharibi ya mto, weupe mashariki yake.

"Nani alisema weusi wakae magharibi?" aliuliza.

Akajijibu mwenyewe.

"Hakuna kibao kilichoandikwa hivyo. Ila ukitaka nyumba upande wa pili, mwenye nyumba anasema imeshachukuliwa, na benki inasema rudi wiki ijayo. Mkifika mahali mkaambiwa watu hukaa hivi kwa sababu wanapenda, msikubali haraka."

Kisha viwanda vikafungwa, kimoja kimoja. Waliokuwa na uwezo wakahamia pembeni ya mji, nyumba zikabaki na mbao madirishani, na mji ukapungua mwaka hata mwaka. Mwishowe wakuu wake wakasema wageni wakaribishwe. Wakaja Waturuki waliokuwa wamefukuzwa kwingine, wakanunua zile nyumba mbovu na kuzitengeneza. Baada yao wakaja wengine, hata Wakongo.

Tulipofika hapo sisi tulifurahi, kwa sababu mwisho tulikuwa tumeingia kwenye hadithi. Mwalimu hakufurahi. "Anayekukaribisha kwenye nyumba iliyo tupu," alisema, "muulize kwanza waliokuwamo walikwenda wapi."

Basi huyo ndiye mtu tuliyemshuku, kumbe yeye alishuku kuliko sisi sote. Alishuku picha za vitabuni ambamo kila mkimbizi anacheka. Alishuku takwimu, ingawa alizipenda. Akisoma kwamba mji una watu kadha wa kadha, aliinua kidole: "Nani aliwahesabu? Walioogopa kufungua mlango ni kina nani?" Alimshuku kila wakala aliyepita mitaani akijidai anaweza kusukuma faili. Na lilikuwepo neno moja alilotuambia kila Jumamosi mpaka vijana wakawa wanalisema kabla yake: "Msiuze vitanda." Maana yake usiuze kitu cha nyumbani kwako mpaka umekaa ndani ya ndege na mlango wake umefungwa.

Jambo lililonifanya nianze kumwogopa hasa ni la mlango wangu. Siku hiyo alikuwa ameuacha mto akaanza kutuuliza kuhusu Yeoville yenyewe.

"Nani alikaa kwenye flati yako kabla yako?"

Mmoja akasema Mnigeria. Mwingine akasema Wazimbabwe.

"Na kabla yao?"

Akatuambia turudi nyumbani tukaangalie mwimo wa mlango, upande wa kulia unapoingia, kwenye usawa wa bega. Nilirudi nikaangalia. Chini ya rangi nyingi zilizopakwa juu yake palikuwa na alama nyembamba iliyolala upande, na tundu za misumari juu na chini. Nimepita mlango ule miaka mingi bila kuiona. Nikamwita mume wangu.

"Huyu mtu amejuaje mlango wetu?"

Mume wangu analinda geti huko Kensington, kwa hiyo kushuku ni kazi anayolipwa. Aliipapasa ile alama akasema, "Amewahi kufika hapa wewe hupo."

Jumamosi iliyofuata tukakuta karibu kila mtu wa majengo ya zamani ameikuta alama hiyo hiyo. Mwalimu alitueleza kuwa Wayahudi waliokaa hapa zamani walikuwa wakibandika maandiko yao mlangoni, na kwamba walikuwa wamekimbia kwao kama sisi, kisha wakatajirika wakahama, na nchi ilipobadilika weupe wengine wote wakahama pia. "Mnakaa kwenye nyumba za wakimbizi," alisema. Wengine waliona ni jambo la kupendeza. Mimi niliendelea kuwaza kwamba mtu anayejua milango yetu bila kuingia anaweza kujua na mengine.

Na mimi nilikuwa na la kuficha.

Watu wote wananiita Mama Riziki, lakini Riziki sikumzaa. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimbeba mgongoni kutoka Bukavu kabla hajajua kusema, na siku tulipofika mbele ya watu wa kuandikisha wakimbizi, mtu aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alininong'oneza kwamba mtoto asiye wako atachukuliwa. Nikasema ni wangu. Ikaandikwa hivyo, ikabaki hivyo, na kwa kweli ungeniuliza siku ya kawaida, nisingekumbuka kwamba ni uongo.

Riziki alikulia hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na Kiswahili akikisema anakisema kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Alikuwa akija darasani kwa Mwalimu kwa sababu alipenda ramani. Jumamosi moja aliniambia njiani, tukisubiri robot, ile taa ya barabarani, ituruhusu kuvuka, kwamba Mwalimu alimuuliza mama yake mzazi ni nani.

Siku chache kabla, binamu yake Mama Chantal alikuwa amekataliwa. Faili lake lilifungwa na hakuambiwa sababu, na yeye pia alikuwa akihudhuria lile darasa.

"Voilà," Mama Chantal alisema nilipomwambia kwamba Mwalimu anamhoji mtoto. "Nilikuambia nini?"

Sikungoja Jumamosi. Niliuliza huku na huku nikaambiwa anakaa Observatory, kule mlimani, kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba kubwa. Nilipanda kwa miguu nikiwa nimevaa bado aproni ya saluni. Geti lilikuwa wazi. Mlango wa chumba nao ulikuwa wazi, jambo lililonishangaza, maana sijamwona mtu wa Johannesburg anayeacha mlango wazi, sembuse mtu kama yeye.

Ndani palikuwa na mwanamke.

Alikuwa amekaa kitandani, mtu mzima wa umri wa kunipita kidogo, akitazama ukuta huku mikono ikitetemeka mapajani. Mwalimu alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Mimi jicho langu huenda kwenye nywele kwanza. Zilikuwa zimesukwa, safi kabisa, lakini njia zake zilikwenda upande kama zimechorwa na mtu aliyefunga macho. Nikajua kasukwa na mwanamume. Nje, barazani, chini ya kipande cha bati, palikuwa na godoro limekunjwa, na juu yake lile koti lake tunalolijua na mablanketi. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, ile inayopasua midomo.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema Mwalimu. "Ana kifafa. Karibu."

Hakueleza zaidi. Nikasema moyoni, sasa nimekukamata: mwanamume anayejidai hana mtu, kumbe anaficha mwanamke chumbani.

"Umemuuliza nini mtoto wangu?"

"Swali watakalomuuliza wao."

"Ulitaka jibu ili umpelekee nani?"

Aliweka bakuli chini, akamfuta yule mama mdomo. "Kaa, Mama Riziki."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Siku ya mahojiano watamtenga na wewe. Atakuwa chumbani na mtu asiyemjua na mkalimani asiyemjua. Watamuuliza habari za mama yake. Kama umemfundisha kudanganya, atadanganya vibaya, kwa sababu ni mtoto mwema. Kama hukumfundisha, atasema kweli, na wewe ndiye utakayeonekana mwongo. Watawafungia wote."

"Unataka nimtoe kwenye faili nimwache hapa na nani?"

"Usimtoe. Nenda ukawaambie wamwandike alivyo. Mtoto wa dada yako aliyefariki, umemlea wewe. Watoto wa namna hiyo wanapokelewa. Itachelewa, lakini wanapokelewa."

"Wewe umejuaje?"

Alimtazama yule mama, kisha akatazama godoro lake kule nje. "Najua," alisema.

Nilishuka mlima nikiwa na shaka kuliko nilivyopanda. Mume wangu aliposikia alisema huo ni mtego wazi: ukienda mwenyewe kukiri, umewarahisishia kazi. Kwa siku kadhaa nilisuka watu bila kujua ninachokisuka. Mwishowe nilimwita Riziki nyuma ya saluni, nikamuuliza alimjibu nini Mwalimu.

"Nilisema mama yangu alikufa Bukavu," alisema kwa Kiswahili chake cha kurukia mawe. "Na nikasema mama yangu iko saluni."

"Akasema nini?"

"Akasema, sharp, sema hivyo hivyo."

Sijui kama Mwalimu aliwahi kulitamka neno sharp, ambalo vijana wa hapa husema badala ya sawa. Lakini nililisikia lile jibu la mtoto, na nikaona kwamba halina uongo mahali popote, na kwamba mimi nilikuwa nikitaka kumfundisha uongo ili kulinda kitu ambacho yeye alikisema bila kuogopa. Nikaenda kwenye ofisi ya wakimbizi kusema kweli.

Walikunja uso. Faili likarudishwa nyuma, miezi ikapita, na Mama Chantal akawa ananiangalia kama mgonjwa asiyepona. Hata mimi nilimlaani Mwalimu zaidi ya mara moja. Kisha tukaitwa. Wakamtenga Riziki kama Mwalimu alivyosema, chumba chake peke yake, mkalimani tusiyemjua. Alitoka ametulia, akaomba soda. Baadaye tukapimwa afya, na tukaambiwa tusubiri tarehe ya kusafiri.

Majirani waliuza. Aliuza friji huyu, aliuza kiti yule, na Mama Chantal, ambaye naye alikuwa amekubaliwa, aliuza cherehani yake nzuri ya umeme. Mimi nilishika viti vyangu vya saluni. Nilijiambia ni uvivu tu. Halafu serikali mpya ya Marekani ikafunga mlango kwa wakimbizi, na safari zote zikafutwa. Kuna watu walikuwa wamekwishaaga kanisani. Kama hiyo haikutosha, baada ya muda tukasikia mlango umefunguliwa kidogo, kwa Waafrikana weupe wa nchi hii hii tunayokaa. Watu walicheka kicheko kibaya.

Ilitakiwa apatikane wa kulaumiwa. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko siku zote, na hawakuja kusoma. Yule baba wa Texas alisimama akasema, "Wewe ulijua. Kila siku unatuambia tusiuze vitanda. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema Mwalimu. "Niliangalia jinsi watu wanavyopokelewa na wanavyofukuzwa. Inabadilika kila wanapobadilika wakubwa."

"Muongo," Mama Chantal alisema kutoka nyuma. "Unalipwa utushikilie hapa."

Mtu mmoja akaifuta ramani ubaoni kwa mkono wa shati lake, mto na vyote. Mwalimu hakumzuia. Alichukua kikombe chake dirishani akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, angenigusa akipita. Sikusema neno la kumtetea, kwa sababu sikuwa na uhakika. Alinishauri vizuri, hilo nilijua. Lakini mtu anaweza kukushauri vizuri na bado akawa na yake.

Darasa likafa. Tukasikia yule shemeji naye amefariki, na kwamba amezikwa na watu wachache sana, na mzee hakulia. Hilo nalo likahesabiwa dhidi yake.

Niliendelea na saluni. Riziki alikua, akawa ananisaidia siku za Jumamosi, ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Ilikuwa Jumamosi kama hizo Mwalimu alipoingia saluni. Hakuwa amewahi kuingia. Alikuwa amepungua, koti lilikuwa likimning'inia mabegani, na nyuma yake alisimama msichana mrefu mwenye viatu vya mpira vyeupe mno kwa mitaa yetu. Mwalimu alisalimia, kisha akasema, kwa kile Kiswahili cha redio ambacho safari hii kilikuwa kikiyumba:

"Mama Riziki, huyu ni binti yangu. Ametoka Dayton. Nimemuuliza anataka nimpeleke wapi, amesema anataka kusuka."

Nikamkalisha. Mama Chantal alikuwa ameshafika mlangoni na sindano mdomoni. Yule binti hakujua Kiswahili, aliondoka mdogo sana. Alijua karibu, alijua maji, alijua lala. Alisema kwa Kiingereza kwamba alimpata baba yake kwa kupitia Wakongo wa kanisa la huko. Riziki akawa mkalimani, amesimama upande mmoja ananipa nywele za kuongezea, na Mwalimu akakaa kwenye benchi la wateja. Sikuwahi kumwona amekaa kwa mtu.

Alianza kumuuliza binti yake kuhusu mji. Alimuuliza upande wa mto anaokaa. Alimuuliza kama nyumba zenye mbao madirishani zimepata watu. Binti hakujua mengi. Anafanya kazi hospitali, anatoka, analala. Alipoulizwa kuhusu zile kuta za udongo zinazozuia mafuriko, alifikiri kidogo, akasema hakujua kwamba zinazuia kitu, watu huenda pale kukimbia mazoezi.

"Mazoezi," alisema Mwalimu, akalirudia neno lile polepole kama mtu aliyepewa habari ya maana.

Kichwa cha yule binti kilikuwa mikononi mwangu, na nilisikia shingo yake inakaza. Akasema kitu kwa sauti ndogo. Riziki akasita.

"Anasema nini?" aliuliza Mwalimu.

"Anasema," Riziki akaziweka chini zile nywele, "kwa nini haukuja. Mama yake alimwambia uko na mwanamke. Ulibaki na ule mwanamke."

Mama Chantal akatoa sindano mdomoni.

Mwalimu hakuharakisha. Alisema kaka yake aliuawa njiani, na mkewe akabaki na kile kifafa kilichomharibu akili. Walipofika hapa alimwandikisha kama dada yake, aliogopa kwamba shemeji asingekubaliwa. Siku ya mahojiano walimuuliza yule mama peke yake, naye akasema kweli, hakujua hata kwamba kuna uongo. Wakaambiwa mke wa Mwalimu na watoto wanaweza kuendelea. Yeye aliyesema uongo abaki, na yule mgonjwa abaki. Baada ya muda waliwahi kumwambia kwamba akiomba upya peke yake huenda akasamehewa.

"Sikuomba," alisema. "Angebaki na nani?"

Riziki alitafsiri yote, pole pole, akitafuta maneno. Binti alisikiliza akiangalia kioo. Akajibu sentensi moja.

"Anasema mama yake anasema vingine."

Nilimtazama Mwalimu kwenye kioo. Hapo ndipo nilipongoja aape. Mimi nimeishi na waongo wa kila aina, na wote huapa.

"Mwambie amwamini mama yake," alisema. "Ndiye aliyemlea. Mimi sitabishana naye."

Riziki akamaliza kutafsiri. Nikaacha kusuka. Kiingereza changu ni cha sokoni, cha bei na rangi za nywele, sijawahi kukitumia kwa jambo zito. Lakini nilikizungusha kile kiti mpaka yule binti akanikabili, nikamwambia mwenyewe, bila mkalimani. Nilimwambia, mimi nilimshuku baba yako kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, kwa hiyo nisikilize mimi. Nilimwambia nilikwenda kwake bila kualikwa, siku ya baridi kali, nikitaka kumfumania. Mlango ulikuwa wazi. Yule mama alikuwa ndani juu ya kitanda, na baba yako alikuwa akilala nje, barazani, chini ya bati. Nimeliona godoro. Nimeziona nywele alizomsuka, mbaya, mbaya sana. Nilimwonyesha kwa kidole jinsi njia zilivyopinda.

Aliniangalia muda, kama mtu anayetafuta mahali pa uongo, na sikumlaumu, ningefanya hivyo hivyo. Kisha akakigeuza kiti mwenyewe kuelekea kioo. Nikashika nywele nikaendelea, haraka, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimekaribia nusu ya kichwa aliposema neno tena, macho yake yakiwa kwa yule mzee wa kwenye benchi.

Riziki aliinama karibu yangu.

"Mama," alisema, "anaomba usisuke haraka."